Ehe, kisha? Jinsi ya kuandika kama unavyozungumza

Nina kiduka cha kuchapa na kutoa kopi huku Langoni, Lamu. Mashine moja, benchi moja, na feni inayozunguka stima ikiwapo. Wateja wangu wengi hawaji kuchapa tu. Wanakuja niwaandikie: barua ya kuomba kazi, ombi la basari ya mtoto, tangazo la boti, maneno ya kutangazia mashua za kutembeza wageni, risala ya mahafali ya madrasa. Wananiita mwalimu, na chaki sijapata kuishika.

Ninayoyaona ni yale yale. Mama anasimama mlangoni ananieleza habari za mwanawe: yuko kidato cha tatu, shule ya bweni kule Malindi, masomo anayaweza, babake mvuvi, na tangu upepo wa kusi uanze hajaenda baharini kwa maana, karo ya muhula haijatimia. Nishaelewa kila kitu, na huruma imeshanishika. Namwambia, "Basi mama, hayo hayo yaandike hapa." Anashika kalamu, anakaa wima, na karatasini panatokea: "Ningependa kuchukua fursa hii adhimu kuwasilisha ombi langu kuhusiana na suala la ukosefu wa karo." Mvuvi hayumo. Upepo haumo. Mtoto mwenyewe hayumo.

Ushauri unaotolewa siku zote ni "andika kama unavyozungumza." Ni kweli, lakini umeishia njiani. Mazungumzo yana watu wawili. Ukikaa barazani baada ya alasiri ukawa wasimulia jambo, aliye kando yako hanyamazi. "Ehe." "Kisha?" "Nani huyo, wa Shela au wa Mkomani?" "Wee! Usiku huo?" Akikunja uso unajua hujaeleweka, unarudi nyuma. Akitazama simu unajua umerefusha, unakata. Nusu ya kazi anaifanya yeye. Hata hadithi za watoto haziendi bila mtu huyo: ukisema "Paukwa!" na asitokee wa kukujibu "Pakawa!", husimulii. Sasa ukikaa na karatasi, huyo hayupo. Ndiyo maana mtu anaruka mambo ya maana na kuyarefusha ya kipuuzi. Kwa hivyo kazi yote ninayoieleza hapa ni ya kumrudisha mtu wa kukudakia.

Ni nani huyo?

Mmoja. Si "umma", si "wadau wote", si "ndugu wananchi". Mtu mwenye umri wake, mahali pake, na namna unavyomwita. Paa likivuja ukamwandikia mjomba, utamwamkia kwanza, utamwuliza hali ya nyumbani, na pesa utaziomba kwa kuzunguka. Ukimwandikia wifi utamwambia "njoo uone ndoo nilizozipanga sebuleni." Paa ni lile lile. Tangazo la boti nalo lina mtu wake. Mimi humwona bibi mwenye kikapu cha maembe, anavuka kwenda Mokowe akapande basi la Mombasa. Nikishamwona, najua anachotaka kuambiwa, na najua pia asichokitaka.

Jambo hili si geni kwetu. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake mwaka 1858, hakuwahutubia wanawake wa pwani. Alimwita binti yake asogee, akae na wino na karatasi, amwambie. Na wanawake ambao hakuwazaa yeye wakausoma kama wameambiwa wao.

Sema kwanza, na usiseme peke yako

Wengi huambiwa wajirekodi kwa simu. Si vibaya, ila ukiizungumzia simu peke yako utaisikia sauti yako ikigeuka ya msoma taarifa ya habari. Tafuta mtu. Mtoto wa miaka kumi au kumi na mbili ni bora kuliko mtu mzima, maana mtu mzima huona haya kuuliza asichokijua. Washa rekodi, ilaze simu benchini, uisahau. Msimulie. Akinyamaza sana, mwambie akuulize.

Ukimaliza, isikilize na kalamu mkononi, lakini usianze kunukuu maneno yako. Nukuu maswali yake. Kila "nani?", kila "lini?", kila "kwa nini asirudi tu?" inakuonyesha sentensi ambayo ungeiacha. Tia alama na pale alipocheka. Maswali hayo ukiyaandika kwa mfuatano yaliyokuja nao, umeshapata mpangilio wa andiko lako, na mara nyingi ni mpangilio mzuri kuliko ule wa utangulizi, kiini na hitimisho.

Maneno ya rekodi yenyewe usiyachape yalivyo. Mtu akizungumza hurudia, huacha sentensi njiani, na nusu ya habari huisema kwa mikono. "Samaki mwenyewe hivi!" Barazani mikono imeshamaliza. Karatasini "hivi" haina urefu. Sema dhiraa nzima, au shibiri moja na ushei. Kejeli nayo ni hivyo hivyo. "Hodari sana huyo," ukiivuta sauti, kila mtu amejua unachokusudia. Ukiiandika, mwenyewe atakuja kukushukuru. Tangulia na "ati", au taja alichokifanya, msomaji aamue kama ni hodari.

Nahodha na mashua yake

Nahodha mmoja, kijana wa hapa hapa, aliniletea maneno ya kutangazia mashua yake kwa wageni wa kutoka Nairobi:

"Karibu ufurahie mandhari ya kuvutia na huduma bora za viwango vya juu katika mazingira tulivu yenye historia ndefu."

Nikamwambia, kaka, humu hamna hata neno mashua. Hii yaweza kuwa hoteli, yaweza kuwa saluni. Nikaiweka karatasi kando, nikawa mimi ndiye mgeni.

"Mnakwenda wapi?"

"Takwa, kule Manda. Kwenye magofu."

"Saa ngapi?"

"Maji ndiyo yanayosema. Kule twaingia kati ya mikoko, maji yakijaa. Yakipwa hupiti."

"Na yakipwa tukiwa ndani?"

Akacheka. "Tutakaa tuzungumze mpaka yajae."

"Chakula je?"

"Samaki. Namchoma mwenyewe. Ndimu, chumvi, pilipili ukitaka."

"Wageni hulalamika nini?"

"Jua. Waja vichwa wazi."

"Na hii mashua yako, ni salama kweli?"

Hapo alinikasirikia kidogo, na ndipo yalipotoka maneno mazuri kuliko yote. "Imeundwa Matondoni hii! Kalafati natia mwenyewe, simpi mtu."

Matondoni ni kijiji cha mafundi wa mashua, na kalafati ni pamba ya kuzibia nyufa za mbao. Tukaandika:

"Nakupeleka Takwa, kwenye magofu ya Manda. Kule tunapita kati ya mikoko, na hapapitiki ila maji yakijaa, kwa hivyo saa ya kuondoka nitakwambia usiku wa kuamkia safari, nikishatazama maji. Mashua imeundwa Matondoni, na kalafati natia mwenyewe, simpi mtu. Samaki nakuchomea mimi: ndimu, chumvi, pilipili ukitaka. Njoo na kofia. Tukichelewa maji yakapwa, tutakaa tuzungumze mpaka yajae."

Alitaka nimrudishie "mandhari ya kuvutia", japo mara moja. Nikakataa, mikoko imeshatajwa, mgeni ana macho. Tazama kila sentensi ilivyokuja: hakuna hata moja isiyokuwa jibu la swali. Na "simpi mtu" niliiacha makusudi. Msahihishaji wa shule angeikata, maana haiongezi habari yoyote, na kama mashua ingekuwa ya kampuni ningeikata na mimi. Lakini mgeni anayeogopa maji anataka kujua yuko mikononi mwa nani, na maneno mawili hayo yanamjibu kuliko neno "usalama".

Lugha yenyewe

Kiswahili cha karatasini kinajaa majina mazito: kufanya uchunguzi, kutoa msaada, zoezi zima la usajili, suala la maji. Barazani watu huchunguza, husaidia, huandikisha, na maji ni maji tu. Kila ukiona "fanya" au "toa" limefuatwa na jina refu, angalia kama humo ndani hamna kitenzi kinachotosha peke yake. "Niliweza kufika" ni "nilifika", isipokuwa kama kufika kwenyewe kulikuwa kwa kupigania. "Kuna uwezekano wa mvua kunyesha" ni "huenda ikanyesha".

"Ambaye" si kosa, ila likirudi mara tatu katika aya moja limeshakusaliti. Mdomoni twasema mtu aliyekuja, samaki tuliowapata, paa linalovuja.

Ukisimulia, iachie -ka- ibebe kazi. Msikilize mtu aliyeachwa na boti: "Nilifika gatini, nikamwona nahodha afungua kamba, nikamwita, akanipungia mkono, akaenda zake." "Nili-" imetajwa mara moja, kilichobaki kimefuata chenyewe. Mtu huyo huyo akiandika utasoma: "Nilifika gatini. Nilimwona nahodha. Nilimwita. Alinipungia mkono." Kila sentensi inaanza safari upya, na msomaji anachoka kabla boti haijaondoka. Ikiwa ni jambo la kila siku, kuna hu-: boti hujaa, nahodha hungoja, abiria hunung'unika.

Usiogope kutanguliza kile kinachozungumzwa. "Yule punda wa jirani, kamba amekata tena." Shuleni wangekunyoosha: punda wa jirani amekata kamba tena. Sawa, lakini ya kwanza inamwelekeza msomaji amtazame punda, kisha inampa habari, na ndivyo tunavyosemezana kutwa. Na tuna bahati ambayo haitumiki vya kutosha: neno letu moja ni sentensi kamili. "Hawajafika." "Nitakupigia." "Tumewakosa." Baada ya sentensi mbili ndefu, weka moja kama hiyo, msomaji avute pumzi.

Viko pia vile vya kukolezea: nyeupe pe, nyeusi tii, kimya jii, gati limejaa pomoni. Kimoja katika ukurasa kinatosha sana.

Wahenga waache wapumzike

Tulifundishwa kufungua insha kwa "Wahenga hawakukosea waliposema", na watu wanazeeka nayo tabia hiyo. Nimeikuta kwenye ombi la kuunganishiwa maji. Barazani hakuna anayemtaja mhenga. Kijana aliyekwenda Nairobi kwa mbwembwe akirudi kimya kimya, mzee mmoja atasema tu, "Mwenda tezi na omo..." na wenzake watatikisa vichwa. Marejeo hayamaliziwi, kila mtu anayo. Ukitaka methali, itupe nusu, katikati ya habari, mahali ilipokujia. Msomaji akiimalizia mwenyewe ameshakudakia, na hilo ndilo tulilokuwa tukilitafuta.

Kiamu au sanifu?

Naulizwa sana. Kiamu ni lahaja yetu ya Amu, yaani Lamu. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, ndicho kilichochaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, hata kama tungo za Kiamu zilikuwa zimeshakuwapo zamani hizo zote. Kwa hivyo mtu wa Amu akishika kalamu anaacha vitu viwili kwa mpigo: mazungumzo, na lahaja yake. Si ajabu akikaa wima.

Mimi nafanya hivi. Kinywa cha mtu sikisafishi. Bibi akisema "ndoo hapa", siandiki "njoo". Macho yake ni mato, njia yake ni ndia, na akisomwa hivyo mtu anamsikia. Lakini pale ninaposimulia mwenyewe, naandika Kiswahili ambacho msomaji wa Mpeketoni, kule bara, atakifuata bila kukisia. Tangazo la safari liwe sanifu tupu. Hapo mapenzi ya lahaja yanaweza kumwacha mtu gatini.

Yasiyofaa

Kuna uandishi unaojifanya mazungumzo. "Yaani sasa bwana, si unajua tena, kumbe wallahi..." Vijineno hivyo vina kazi zao. "Kumbe" ni ya jambo lililokufunukia ghafla, "basi" inafunga, "hebu" inamsogeza mtu karibu. Ukivimwaga tu, msomaji atakuchoka upesi kuliko ambavyo angemchoka karani.

Na kuna mahali sauti hii haifai kabisa. Mkataba wa kiwanja uandikwe kwa ukavu wake, kila mpaka kwa jina na kipimo, hata jina likirudiwa mara kumi. Rambirambi zina maneno yake, hakuna aliyekutuma uyaboreshe. Kadi ya harusi waachie wazee.

Ombi la basari? Hapo ndipo wateja wanaponibishia, wakidhani ofisini panatakiwa lugha nzito. Anwani, tarehe, "Yah:", hizo ni adabu, ziweke. Baada ya hapo, ongea na mtu. Barua ya yule mama iliishia hivi:

"Mwanangu yuko kidato cha tatu, na matokeo yake nimeyaambatisha. Babake ni mvuvi. Tangu upepo wa kusi uanze, siku anazokwenda baharini ni chache, na karo ya muhula huu tumelipa nusu. Nawaomba mnisaidie nusu iliyobaki, asirudishwe nyumbani."

Ni fupi, na anayeisoma hana swali la kumwuliza. Afisa mwenye rundo la barua mezani ameshachukuliwa fursa adhimu tangu asubuhi.

Isome kwa sauti, mbele ya mtu

Ukimaliza, soma kwa sauti, na mtu awe mbele yako. Ukikosa pumzi, weka nukta. Ukiona mdomo wako umebadilisha neno bila wewe kukusudia, umesoma "kwa sababu" pale ulipoandika "kutokana na ukweli kwamba", andika la mdomo. Msikilizaji akikatiza kuuliza, usimjibu kwa mdomo ukaendelea. Jibu liingie kwenye karatasi.

Kuna tangazo nililetewa nilichape:

"Abiria wote wanaarifiwa kuwa kutokana na hali mbaya ya hewa iliyosababishwa na upepo mkali, huduma za usafiri wa baharini zitaathirika kwa kiasi fulani. Usumbufu wowote utakaojitokeza unajutiwa."

Nikamsomea aliyelileta, kisha nikamwuliza kwa niaba ya yule bibi wa maembe: "Zitaathirika vipi, mwanangu? Boti ipo au haipo?" Akanijibu papo hapo, bila kufikiri, na alichonijibu ndicho tulichokichapa:

"Bahari imechafuka. Kesho Jumatano boti ya saa kumi na mbili asubuhi kwenda Mokowe haitoki. Ya saa tatu itatoka bahari ikitulia. Ulizeni gatini saa mbili. Mwenye basi la asubuhi avuke leo kabla ya magharibi. Tuwieni radhi."

Kisha tukatia tarehe, maana Jumatano ziko nyingi. Pana ukuta gatini wenye tangazo la "kesho hakuna boti" lililobandikwa tangu mwaka jana, na mpaka leo hutokea mgeni akalisoma, akarudi hotelini na mabegi yake.